Mgeni wa Ghorofa ya Nane

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili, kando ya ukuta wa jengo la ghorofa nane, hatua nne tu kutoka mlango wa ngazi. Hapo kila asubuhi Shangazi hutua jiko lake na birika lake la kahawa, nasi wapangaji tusio na pa kwenda, pamoja na walio na pa kwenda lakini wamekwisha kuchelewa, hukutana kuitengeneza dunia. Yupo Hakimu, ambaye katika umri wake wote hajapata kumhukumu hata kuku. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na miwili, akastaafu na sauti ya bosi wake. Yupo Friji, fundi wa majokofu, na yupo Winchi, aendeshaye winchi ya ujenzi, mtu aliyezoea kuwatazama wenzake kutoka juu hata pale anapokuwa ameketi chini yao. Mimi wameniita Ustadhi kwa sababu ya vitabu vyangu, nami sikuona haja ya kuwasahihisha. Jumanne iliyopita, katika ghorofa ya kwanza, pasi ilisahauliwa juu ya godoro la sponji. Moto wenyewe tuliuzima kwa ndoo saba, birika halijachemka mara ya pili, kisha tukarudi ubaoni kupongezana. Moshi hatukuuzima. Moshi ulishika ngazi, ukapita ghorofa baada ya ghorofa pasipo kugeuka kulia wala kushoto, ukaenda kuingia kwa Bibi wa ghorofa ya nane, mkunga mstaafu, ambaye mikono yake ndiyo iliyompokea duniani Friji, na Winchi, na karibu nusu ya watu waliokuwa wamebeba zile ndoo. Kwa rehema za Mola, Bibi alisalimika.

Sasa ilikuwa Jumamosi. Hakimu alikuwa amekwisha kunywa kikombe cha kwanza na kukilalamikia cha pili, mara akatokea mpwa wa Bibi, muuguzi ambaye sote humwita Sista, makatoni matupu kwapani na bunda la kamba mkononi.

Sista: Shikamooni.

Sote: Marahaba!

Hakimu: Makatoni ya nini hayo, mwanangu? Unafungua duka?

Sista: Bibi anahama.

Shangazi akalirudisha birika jikoni bila kumimina.

Winchi: Bibi yupi? Bibi huyu huyu wetu?

Sista: Kuna mwingine? Anakwenda kwa dada yangu, nje ya mji. Nyumba ya chini, haina ngazi hata moja. Gari linakuja saa saba.

Friji: Sista, acha utani bwana. Bibi akiondoka, hili jengo linabaki matofali tu.

Sista: Matofali hayajamkosea, Friji. Jumanne nimerudi kutoka zamu nimemkuta kakohoa mpaka sauti imeisha. Haya, nyinyi ndio wenye akili zote za mtaa huu. Niambieni mtauzuiaje moshi usipande tena mpaka ghorofa ya nane. Mkinipa jibu la maana, namrudisha dereva. Mkishindwa, saa saba mje mnisaidie kushusha kabati.

Akaingia mlangoni, nasi tukazisikia hatua zake zikipanda hadi zikapotea. Ilikuwa saa nne na robo. Hakimu akakohoa kile kikohozi chake cha kufungulia shauri.

Hakimu: Tuanze na msingi wa jambo. Moshi ule uliingia kwa Bibi bila kubisha hodi. Hilo peke yake ni kosa.

Winchi: Kosa la nani?

Hakimu: La moshi! Sasa basi. Kila mlango wa ngazi ubandikwe ilani, herufi kubwa, wino mwekundu: Hairuhusiwi kupita. Na hapa chini pawe na meza na daftari. Anayepanda aandike jina, aendako, na saa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Friji: Mzee, hiyo methali si inamkaribisha?

Hakimu: Nusu ya kwanza inamkaribisha. Mimi nasimamia nusu ya pili.

Friji: Wee Hakimu, moshi hausomi. Moshi ni joto. Na mimi mambo ya joto na baridi nayafanya tangu nina ndevu tatu. Kitu cha moto kinapanda, kitu cha baridi kinashuka. Au siyo, Ustadhi?

Nikakiri kwamba ndivyo.

Friji: Umeona? Basi kila ghorofa, pale ngazini, unaweka friji moja, mlango wake wazi. Moshi unakuja mbio mbio. Ghorofa ya pili unapigwa baridi, unashtuka. Ya tatu unatetemeka. Ya nne unatafuta sweta. Ya tano hauna nguvu tena, unageuka wenyewe unarudi chini kulala.

Winchi: Na umeme? Moto ukiwaka, si wa kwanza kukatika ni umeme?

Friji: Basi tunaweka barafu.

Winchi: Barafu ikae ngazini kuanzia leo hadi siku ya moto?

Friji: Inategemea moto utawaka lini. Jamani, maji ya moto hayachomi nyumba.

Shangazi: Sasa hiyo inahusu nini?

Friji: Nyumba imo. Moto umo. Unataka nini tena?

Shangazi: Mimi nyumbani nikiwasha mkaa, na sitaki moshi uende chumbani kwa watoto, nafunga mlango.

Hakimu: Shangazi, kwako ni chumba na jiko. Hapa tunazungumzia ghorofa nane.

Shangazi: Basi ifungeni minane.

Friji: Tuongezee kahawa, Shangazi, usitukatize.

Akaongeza. Nayaandika haya kwa haya, maana hapana hata mmoja wetu aliyegeuza shingo kumtazama, na mimi nikiwa wa kwanza wa wasiogeuka.

Winchi: Tatizo lenu nyote mnafikiri kutoka chini. Mimi nashinda juu, moshi nauona mgongo wake. Moshi una tabia moja tu: unatafuta kileleni. Ukifika kileleni, umetulia. Sasa dawa yake si kuupiga vita. Ni kuudanganya.

Hakimu: Kuudanganya vipi?

Winchi: Namba. Ghorofa ya kwanza tunaiandika ya nane, ya nane tunaiandika ya kwanza. Moshi unatoka pale kwenye godoro, unaangalia mlangoni, nane! Unasema, ah, kumbe nimefika. Unakaa.

Hakimu: Winchi, hivi kweli moshi utasoma namba?

Winchi: Si wewe ulitaka kuubandikia ilani?

Ubao ukatikisika kwa kicheko. Hakimu akaomba shauri liahirishwe, akanyimwa.

Winchi: Au kama hamtaki namba, jengo lilazwe.

Friji: Lilazwe?

Winchi: Kiubavu. Winchi kubwa mbili, moja kila pembe, polepole kama unalaza mtoto. Likishalala, ghorofa ya nane ni jirani wa ghorofa ya kwanza, wanaazimana chumvi. Moshi utapanda kwenda wapi?

Friji: Na kitanda changu mimi?

Winchi: Kitakuwa ukutani.

Friji: Nitalala ukutani?

Winchi: Utazoea. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Wakanigeukia mimi. Nami, badala ya kunyamaza, kama impasavyo mtu asiyejua, nikavuta shuka la elimu nikajifunika. Nikawaambia kwamba wakale waliugawa ulimwengu mafungu manne, moto na hewa na maji na udongo, na ya kuwa moshi hautajwi popote miongoni mwa hayo manne. Kwa hiyo moshi ni yatima, nikasema, aliyezaliwa na moto na kukataliwa na hewa, na safari yake ya kwenda juu si uvamizi bali ni kutafuta kwao.

Winchi: Maneno mazuri, Ustadhi. Sasa tufanyeje?

Mimi: Aonyeshwe kwao.

Friji: Wapi?

Hapo elimu yangu ikakoma.

Kutoka juu, kupitia tundu la ngazi, ukatujia mlio wa kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Kikaburutwa, kikatua, kikaburutwa tena.

Friji: Kabati hilo.

Winchi: Anafunga kweli.

Friji: Mwenzenu kofi langu la kwanza duniani nilipigwa na Bibi. Mama anasema nilizaliwa kimya. Bibi akanigeuza kichwa chini, paa!

Winchi: Alitakiwa aongeze la pili, akili ziingie.

Friji: Na wewe je? Mama yako si anasema ulitoka umekunja uso kama umedhulumiwa kiwanja?

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi na hakikuwa na mtu wa kukipokea. Saa ya Hakimu ilionyesha saa tano na nusu. Akaanza kupendekeza iundwe kamati ndogo, na kabla hajafika kwenye mwenyekiti, mlango wa ngazi ukatoa mtu tusiyemjua.

Alikuwa mwanamke kijana mwenye sare ya zimamoto, viatu vizito, kofia ngumu kwapani, na vumbi la miaka juu ya mabega. Kati ya vidole viwili alishika msumari uliopinda.

Afande: Shikamooni, wazee wangu.

Hakimu: Marahaba, Afande. Umetokea wapi? Hatukukuona ukiingia.

Shangazi: Aliingia wakati mnalaza jengo.

Akampa kikombe bila kuulizwa. Yule binti akaketi pembeni mwa ubao, akakipuliza kidogo.

Afande: Nimetumwa kuangalia ule moshi wa Jumanne ulipitia wapi. Nimepanda mpaka mwisho, nimeshuka. Jengo lenu lina milango minane ya ngazi. Ya chuma, mizito, ina springi, inajifunga yenyewe. Milango mizuri, majengo mengi hayana. Ila kila mlango umewekewa kitu usijifunge. Naomba kujua hivyo vitu ni vya nani.

Sisi tulidhani ni mambo ya mali iliyopotea na mwenye mali. Kila mmoja akajitokeza kwa fahari.

Hakimu: Jiwe la ghorofa ya pili ni langu. Nililichagua mwenyewe, lina uso mmoja bapa.

Afande: Na kitabu cha ghorofa ya tatu?

Mimi: Changu. Ni juzuu ya pili ya kamusi kuukuu. Ya kwanza ililiwa na mchwa.

Friji: Ile kompresa ya ghorofa ya tano, Afande, tafadhali usiiguse. Ni ya jokofu la mteja.

Winchi: Mfuko wa mchanga wa ya sita ni mimi. Wa ya saba pia ni mimi. Ulikuwa mmoja, nikaugawa kwa roho safi.

Afande: Na lile dirisha la juu kabisa, ngazi zinapoishia, lililopigwa misumari?

Winchi: Mimi tena! Njiwa walikuwa wanatunyea ngazi nzima. Misumari kumi na minne, ya inchi nne. Lile halifunguki hata uje na winchi.

Afande: Mmoja nimeung'oa, umenichukua robo saa.

Akauweka ule msumari juu ya ubao, katikati yetu, akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo.

Afande: Wazee wangu, ngazi ya jengo refu ni bomba la kutolea moshi, haina tofauti. Milango ikiwa imefungwa, moshi wa ghorofa ya kwanza unabaki ghorofa ya kwanza, wenyewe kwa wenyewe. Ule kidogo unaopenya unapanda, unatokea pale juu dirishani, unakwenda zake. Jumanne kila mlango uliukuta wazi. Ukapanda mpaka mwisho, ukatafuta pa kutokea, ukakuta misumari. Ukageuka, mlango uliokuwa karibu ni wa Bibi. Yaani cha kufungwa mmekifungua, na cha kufunguliwa mmekipigilia misumari kumi na minne.

Shangazi akapanga vikombe, akavipanga kwa sauti.

Hakimu: Afande, yapo maelezo. Yaandikwe.

Afande: Nasikiliza, baba.

Hakimu: Hatukuiacha wazi kwa uvivu. Tuliiacha wazi kwa ajili ya Bibi.

Ndipo tukamweleza, kila mmoja akimpokonya mwenzake maneno. Lifti ya jengo ilipokufa, wiki ile ile, Hakimu alimkuta Bibi ghorofa ya pili akiusukuma mlango kwa bega, mkongojo umemdondoka, pumzi zimemtoka. Siku hiyo hiyo akaleta jiwe. Mimi kuona jiwe la Hakimu, nikaona aibu, mtu mwenye vitabu kushindwa adabu na karani, nikateremsha juzuu. Friji naye akasema Bibi hawezi kuheshimiwa mpaka ghorofa ya tatu halafu afungiwe ya tano. Ghorofa ya nne wapangaji wengine waliweka ndoo ya saruji iliyoganda, ya kwanza waliweka kinu kilichopasuka, ya nane mtu asiyejulikana aliweka tofali. Hapana aliyetaka jina lake liwe la yule aliyemfungia Bibi mlango. Ilikuwa heshima tupu, nayo ilipanda ghorofa kwa ghorofa kabla ya moshi kuijua njia.

Yule binti alitusikiliza hadi mwisho, na uso wake ukalegea.

Afande: Basi hili si jambo gumu. Milango ijifunge kama ilivyotengenezwa. Na siku Bibi akishuka, mtu mmoja atangulie amfungulie. Kwani huwa anashuka siku gani?

Hakimu: Jumatatu.

Friji: Jumatatu wapi? Alhamisi!

Winchi: Mimi nadhani anashukaga asubuhi sana, kabla sijaamka.

Afande: Kila siku?

Winchi: Sasa mimi nimelala, nitajuaje?

Afande: Sawa. Mara ya mwisho mlimwona lini?

Hakimu akafungua kinywa kwa haraka ya mtu mwenye ushahidi, kisha akakifunga. Akakifungua tena.

Hakimu: Mimi nilimwona... ile siku ya jiwe.

Friji: Mimi nimemwona juzi juzi tu. Kwenye harusi yangu.

Shangazi: Friji, mtoto wako anaota magego.

Winchi: Jamani, mimi jana! Jana asubuhi nimemwona kwa macho yangu, dirishani, na ile shali yake ya kijani. Kila asubuhi nikienda kazini yupo pale, nampungia mkono.

Shangazi: Ile ni pazia.

Winchi: Pazia?

Shangazi: Pazia, mwanangu.

Winchi akatazama juu, ghorofa ya nane, mahali ambapo kitambaa cha kijani kilipepea kidogo na kutulia. Akautazama na mkono wake. Nami kwa upande wangu nilikuwa nikizihesabu siku kurudi nyuma, kama mtu apekuaye kurasa akitafuta mstari anaokumbuka kuusoma, na kila ukurasa niliougeuza ulikuwa mtupu.

Sista: Hashuki.

Alikuwa amesimama mlangoni nyuma yetu, na sijui alianza kusikiliza wapi.

Sista: Hajashuka tangu lifti ife. Ile siku Hakimu alimwona alikuwa anapanda. Alipofika juu akaniambia, mwanangu, mimi hizi ngazi sizirudii tena. Sasa ni miaka miwili na miezi mitatu.

Hakimu: Lakini Jumanne... Mbona hakupiga kelele? Sisi tulikuwa hapa hapa.

Sista: Amezalisha watu miaka arobaini, wakipiga kelele wao. Yeye alilowesha shuka akaziba chini ya mlango, akafungua dirisha, akakaa sakafuni, akangoja mtu aje kugonga. Alikuwa anawasikia mnacheka.

Niliikumbuka ile Jumanne, na zile ndoo saba, na jinsi kila mmoja wetu alivyoisimulia ndoo yake.

Sista: Tena niseme ukweli wangu. Asubuhi niliwaambia moshi, lakini Bibi moshi haumsumbui sana. Jioni ile, kwa kile kisauti kilichobaki, aliniambia, leo nimepata mgeni, wa kwanza tangu mvua za mwaka jana. Akacheka. Mimi ndiye sikuweza kucheka. Ndiyo maana nimeita gari.

Jiko likalia kidogo, kaa moja likaanguka. Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua.

Hakimu: Na yeye mwenyewe Bibi ameulizwa kama anataka kuhama?

Sista: Alisema nifanye nionavyo mimi.

Winchi: Hilo si jibu, Sista. Mke wangu akiniambia hivyo najua nimekwisha.

Sista: Basi saa sita hii. Mna saa nzima. Ngazi ile pale, na leo hakuna aliyewafungia.

Shangazi ndiye aliyeinuka kwanza. Akafunika mkaa kwa sufuria, akatwaa birika kwa mkono mmoja na vikombe kwa mwingine.

Friji: Shangazi, vipi? Mimi sijamaliza.

Shangazi: Kahawa ya hapa chini imekwisha.

Afande: Mkipanda, kila mtu achukue chake mlangoni. Na msikiache ngazini, watu watajikwaa kwenye giza la moshi. Mimi natangulia, nina misumari kumi na mitatu ya kung'oa.

Basi tukapanda. Kwenye ghorofa ya kwanza Afande akakivuta kando kile kinu, na mlango ukajifunga nyuma yetu kwa mshindo mzito wa chuma ambao tulikuwa tumeusahau. Ghorofa ya pili Hakimu akaliinua jiwe lake, akalipakata. Ya tatu nikaiokota juzuu yangu, na kurasa mbili zikabaki sakafuni kama zilivyo, kwa maana hazikutaka kunifuata. Ya nne Afande akaisogeza ile ndoo ya saruji, na Hakimu akaomba mapumziko ya mahakama. Ya tano Friji akaibeba kompresa begani, akimlaani mteja wake kwa jina la ukoo. Ya sita na ya saba Winchi akachukua mifuko yake miwili, mtu ambaye siku zote huyainua mawe ya tani kwa kidole, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiutazama mchanga kwa heshima. Kila mlango ulijifunga baada yetu, paa, paa, na ngazi ikawa kimya na baridi kama kisima.

Tulipofika ghorofa ya nane, Afande alikuwa amekwisha kulisogeza lile tofali na yuko juu dirishani, nasi tulikuwa watu wanne wazima tuliokumbatia mizigo isiyo na maana. Shangazi, ambaye hata hakutweta, akagonga.

Sauti ya kukwaruza ikatoka ndani.

— Nani?

Hakimu akafungua kinywa, ikatoka hewa peke yake. Friji akainua mkono kuashiria anakuja. Winchi alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba. Mimi nilikuwa na majibu kadha wa kadha, yaliyojengwa vizuri, na sikuwa na pumzi ya hata moja. Shangazi akatutazama, akabana midomo, akakataa kutujibia.

— Nasikia kuhema, ikasema ile sauti. Mko wangapi?

Tukazidi kuhema.

— Haya. Msisukume. Pumueni kwa pua, polepole. Polepole. Hivyo hivyo. Msifanye haraka, wakati wake ukifika utafunguka.

Tukapumua kama tulivyoamriwa. Tukasikia kitambaa kizito kikivutwa kutoka chini ya mlango, kisha ufunguo, kisha mkongojo ukirudi hatua moja nyuma. Bibi akasimama mbele yetu, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Akalitazama jiwe. Akaitazama kompresa, na mifuko ya mchanga, na kamusi. Akanyoosha shingo kutazama ngazini nyuma yetu, kuhakikisha kwamba hakuna mwingine anayekuja. Sista alikuwa amesimama nyuma yetu, bunda la kamba mkononi.

— Viti vyote vimefungwa kamba, akasema Bibi. Atakayetaka kukaa itabidi afungue.

Winchi akatua mifuko yake, akapiga magoti mbele ya kiti cha kwanza, akaanza kulitafuta fundo. Sista hakumzuia.